Jirani kazimia akitengeneza sabuni ndani: ni kemikali gani iliyomwangusha?

#1 Mzee wa Goba
Wakuu salaam. Wenye ujuzi wa kemikali nisaidieni, maana hapa mtaani kila mtu ana lake.

Jirani yetu, mama wa makamo, anatengeneza sabuni ya maji na dawa ya choo, anauza madukani. Ndiyo kazi inayomsomeshea watoto. Juzi jioni mvua ilikuwa kubwa, akahamishia kazi ndani. Chumba na sebule, mlango kafunga, dirisha kafunga kwa sababu maji yalikuwa yanaingia. Kama saa mbili usiku binti yake wa darasa la sita akatoka anayumba, anasema mama kaanguka. Tulipoingia tukamkuta chini kando ya ndoo, anahema kwa shida. Mdogo wa miaka mitatu yuko kwenye godoro sakafuni, katapika, ukimwita haitiki vizuri. Tukawatoa nje, tukatafuta bajaji hadi hospitali, wakawekewa oksijeni. Wote wako hai, wamerudi nyumbani, ila mama bado anakohoa.

Nilivyoviona mle ndani kwa macho yangu: jiko la mkaa linawaka, juu yake sufuria ya alumini. Ndoo ya bluu yenye sabuni nzito ya kahawia. Dumu la jiki ya kupima. Kidumu cha salfoniki asidi, mfuko wa sodaashi, mfuko wa kostiki (magadi makali yanayounguza), pafyumu, na kichupa cha fomalini hakina kifuniko. Harufu ilikuwa inachoma pua, machozi yalinitoka.

Sasa kati ya hivyo, ni kipi kilichomwangusha?

#2 Mtoto wa Pwani
Poleni sana. Ngoja waje wataalamu, mimi nimekaa siti ya mbele.

#3 Kemia ya Mtaani
Mkuu jibu liko kwenye orodha yako. Jiki pamoja na asidi yoyote hutoa gesi ya klorini. Jiki ni sodiamu haipokloraiti, ikikutana na asidi klorini inaachiliwa hapohapo. Na salfoniki kabla hujaipooza, yaani kuiua makali kwa sodaashi, ni asidi kali kweli, watu wanaiona nzito kama asali wanadhani ni sabuni tayari. Dawa nyingi za choo nazo zina asidi ya haidrokloriki, kwa hiyo hata asiyetengeneza sabuni, akimwaga jiki na dawa ya choo kwenye sinki moja, yaleyale.

Klorini ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu. Haipandi juu, inatambaa chini. Sasa mtoto alikuwa wapi? Kwenye godoro, sakafuni. Hiyo gesi Wajerumani waliitumia Vita vya Pili kuua askari kwenye mahandaki.

#4 Babu wa Historia
Vita vya Kwanza, mkuu. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji. Walifungulia mitungi yenye zaidi ya tani 150 za klorini, upepo ukaisukuma kuelekea mahandaki ya Wafaransa. Mengine uko sahihi, ilishuka mahandakini kwa sababu ya huo uzito.

#5 Kemia ya Mtaani
Asante babu, nimesahihishwa.

#6 Welda Tabata
Mnakimbilia kemikali za chupani, jiko la mkaa mnaliruka. Chumba kimefungwa mlango na dirisha, mkaa unawaka, watu watatu ndani. Hiyo ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kila msimu wa baridi kule Makete, Njombe na Mufindi tunasikia familia zimelala na jiko ndani hazikuamka. Hawakuwa wanatengeneza sabuni wale.

Kutapika, kuyumba, mtu kutoitika: dalili zote ni za mkaa.

#7 Kemia ya Mtaani
#6 na harufu inayochoma pua je? Mzee wa Goba machozi yalimtoka. Mkaa hautoi machozi, labda ule wenye moshi.

#8 Welda Tabata
Harufu ilikuwepo, sikatai. Ninachosema, kilichonuka si lazima ndicho kilichomwangusha.

#9 Dada wa Sabuni
Jamani mnawatisha akina mama. Nimefanya kazi hii miaka, nimefundisha wengi, hakuna aliyezimia. Sabuni ya maji haina shida ukifuata utaratibu. Kinachoniumiza ni haya mafunzo ya magrupu ya WhatsApp. Mtu analipa elfu tano anatumiwa karatasi ya vipimo: salfoniki kiasi hiki, slesi (ya kuleta povu) kiasi hiki, koroga. Hakuna neno hata moja kuhusu dirisha, glavu wala miwani. Hakuna anayemwambia kwamba salfoniki inapoozwa kwanza na sodaashi hadi povu likate, ndipo vitu vingine vinafuata. Hakuna anayemwambia jiki haikai meza moja na asidi.

Mzee wa Goba, nina swali. Umesema sufuria ya alumini ilikuwa jikoni. Ndani yake kulikuwa na nini? Sabuni ya maji haipikwi.

#10 Mzee wa Goba
Dada umenifungua macho, hilo sikulifikiria. Naenda kuuliza.

#11 Nesi wa Zamu
Wakati anaenda, niseme la haraka. Mmesema mama bado anakohoa. Aliyevuta gesi kali anaweza kuonekana mzima, akalala, halafu mapafu yakaanza kujaa maji saa kadhaa baadaye, hata kufikia siku nzima. Akianza kuhema juu juu, akishindwa kulala chali, au akitoa makohozi yenye povu, arudishwe hospitali usiku huohuo, msisubiri asubuhi.

Na niulize, mlimpa nini kabla ya hospitali?

#12 Mzee wa Goba
Nesi, kuna bibi alileta maziwa fresh, tukamnywesha kidogo. Mtoto naye alipewa.

#13 Mtoto wa Pwani
Maziwa yanaua sumu, hiyo inajulikana. Bibi alifanya jambo la maana.

#14 Nesi wa Zamu
#13 hapana, ndugu yangu. Sumu iliyoingia kwa pumzi iko kwenye mapafu na damu, maziwa yanaenda tumboni. Hayakutani. Halafu mtu ambaye fahamu haijarudi sawasawa ukimnywesha chochote, kinaweza kuingia njia ya hewa akakabwa. Nimepokea watoto ambao maziwa ndiyo yaliwazidishia. Bibi alikuwa na huruma, simlaumu, ila dawa ya aliyevuta gesi ni hewa safi haraka, na oksijeni.

Aliyemeza kostiki au asidi naye asitapishwe. Imeshachoma koo ikishuka, ukimtapisha inachoma tena ikipanda. Mafuta ya taa vilevile, yakirudi juu yanaingia mapafuni. Ikiingia jichoni, maji yanayotiririka, dakika 15 hadi 20, usikate hata kama mtoto analia. Mpeleke hospitali baada ya kuosha, si kabla.

#15 Mpemba Halisi
Na kostiki ikimrukia mtu ngozini? Kwetu tunapaka ndimu, kwa sababu ndimu ni asidi na kostiki ni kinyume chake.

#16 Nesi wa Zamu
Maji, ami, maji mengi. Vikikutana hivyo viwili vinatoa joto juu ya ngozi ambayo imeshaungua, na wakati unakata ndimu kostiki inaendelea kula nyama. Vua nguo iliyolowa kwanza, maana ile ndiyo inayoishikiza kwenye mwili.

#17 Mzee wa Goba
Nimerudi. Nimeongea na mama mwenyewe na binti. Haya ndiyo niliyopata:

Kwenye sufuria alikuwa anayeyusha kostiki. Alitaka kujaribu sabuni ya mche ya mawese, ndoo zote zilikuwa na kazi, akachukua sufuria ya ugali. Anasema ilianza kuchemka yenyewe kwa fujo, akadhani moto umezidi. Nimeiona sufuria: ndani imekuwa nyeusi, ina vitundu vidogo vidogo kila mahali.

Kwenye ndoo ya bluu alikuwa anakoroga sabuni ya maji. Ilipotoka kahawia sana, mteja hapendi, akamimina jiki kidogo kuing'arisha. Hakumbuki kama sodaashi alikuwa ameshaiweka yote.

Binti anasema kichwa kilianza kumuuma KABLA harufu kali haijaja. Na mtoto mdogo hakukohoa, alikuwa anasinzia tu halafu akatapika.

#18 Kemia ya Mtaani
Kamimina jiki kwenye salfoniki. Kesi imefungwa.

#19 Welda Tabata
Kichwa kiliuma KABLA ya harufu. Mtoto HAKUKOHOA. Klorini ingemkuta mtoto wa miaka mitatu sakafuni angekohoa hadi mtaa wa pili. Kesi imefunguliwa upya.

#20 Mwalimu wa Maabara
Ngoja nami niingize changu, nafundisha kemia sekondari. Wote mmeisahau sufuria.

Kostiki, yaani sodiamu haidroksaidi, inakula alumini. Inayeyusha ule utando unaolinda sufuria, halafu inashambulia chuma chenyewe, na kinachotoka ni gesi ya haidrojeni na joto jingi. Ndiyo maana mama aliona inachemka kwa fujo, na vile vitundu ndiyo ushahidi. Haidrojeni yenyewe si sumu, lakini inapotoka kwa kasi inarusha matone madogo sana ya kostiki hewani. Ule ukungu ukiuvuta unachoma koo, pua na macho. Kwa hiyo machozi ya Mzee wa Goba yanaweza kuwa ya sufuria, si ya klorini.

Halafu haidrojeni juu ya jiko linalowaka! Chumba kile kingeweza kulipuka. Tuseme Alhamdulillahi.

#21 Babu wa Historia
Alumini si chuma, mwalimu. Ni metali.

#22 Mwalimu wa Maabara
Sahihi babu, niseme metali. Wanafunzi wangu wasione hapa.

#23 Dada wa Sabuni
Ndiyo sababu nikauliza sufuria. Kostiki hutumii alumini kabisa. Ndoo ngumu ya plastiki na mwiko wa mbao. Na haihitaji jiko! Unapima maji baridi, unaweka kostiki kidogo kidogo NDANI YA MAJI, huku unakoroga, umesimama upande upepo unakotokea. Usimimine maji juu ya kostiki hata siku moja, yanaruka usoni. Ile ndoo inapata moto wenyewe hadi huwezi kuigusa pembeni, na mvuke unapanda ukiinamia tu umeshika koo. Mimi naifanyia nje chini ya mwembe, watoto wako shule, halafu naiacha ipoe muda mrefu ndipo nagusa mafuta.

#24 Mtoto wa Pwani
Na fomalini kazi yake nini kwenye sabuni? Si ile ya kuhifadhia maiti?

#25 Dada wa Sabuni
Ndiyo hiyohiyo. Inawekwa kidogo ili sabuni isioze dukani. Mimi niliacha kuitumia.

#26 Mwalimu wa Maabara
Umefanya vizuri. Fomaldihaidi inachoma macho na pua hata ikiwa kidogo sana hewani, na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilishaiweka kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kichupa wazi kwenye chumba chenye jiko la moto... hiyo ni sababu ya nne, wakuu. Mkaa, klorini, ukungu wa kostiki, fomalini.

#27 Msukuma wa Geita
Nasoma nasikitika, kwa sababu huku kwetu ni mbaya zaidi na hakuna anayezimia papo hapo. Mchimbaji mdogo anakamata dhahabu kwa zebaki, halafu ile tonge anakuja kuichomea nyumbani. Kwa nini nyumbani? Anaogopa kuibiwa machimboni. Anaiweka kwenye kijiko au kikaango juu ya jiko la mkaa, jiko lilelile mke analopikia uji. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Ule mvuke hauna harufu wala haukufanyi ukohoe siku hiyo. Unashika kwenye bati na kuta, na familia inaendelea kuishi humo.

Baba mmoja jirani yangu mikono ilianza kutetemeka, akawa mkali bila sababu, anasahau majina ya wanawe. Watu wakasema karogwa. Wakatumia fedha nyingi kwa waganga.

#28 Nesi wa Zamu
Kutetemeka, hasira na kusahau ni dalili za zebaki kwenye mishipa ya fahamu, kweli kabisa. Mama mjamzito asiwe karibu hata kidogo, inampita yeye inamfikia mtoto tumboni.

#29 Mpemba Halisi
Vyombo vya kunasa ule mvuke si vipo?

#30 Msukuma wa Geita
Vipo, vinaitwa retoti. Zebaki inanaswa, inapozwa, inarudi kutumika tena, kwa hiyo hata hela unaokoa. Ila wengi hawaamini kwa sababu dhahabu inakuwa imefichwa ndani ya chuma wakati wa kuchoma. Mtu anataka aione kwa macho ikigeuka njano.

#31 Babu wa Historia
Hata mabingwa yaliwakuta, msidhani ni umaskini au kutosoma. Klorini hii mnayoijadili aliipata kwanza Carl Wilhelm Scheele, mfamasia wa Uswidi, mwaka 1774. Alikuwa na tabia ya kunusa na kuonja alichotengeneza, zikiwemo sumu za kutisha. Alikufa mwaka 1786 akiwa na miaka 43, na wengi wanaamini ni kemikali zilizommaliza.

Humphry Davy wa Uingereza naye mwaka 1812 alilipukiwa na muungano wa naitrojeni na klorini, akaumia jicho. Mfaransa aliyeugundua, Pierre Dulong, alipoteza jicho na vidole viwili. Davy alipokuwa haoni vizuri akamtumia kijana mmoja kumwandikia, na kijana huyo ndiye Michael Faraday.

#32 Mtoto wa Pwani
Kwa hiyo umeme tunaotumia umetokana na jicho la mtu. Babu wewe unapaswa kulipwa.

#33 Wa Kangemi
Niaje wadau, nawasoma kutoka Nairobi. Huku kwetu kemia ya nyumbani iko kwa chupa. Novemba 2000 watu zaidi ya mia moja walikufa kwa pombe yenye methanoli, na wengine wakapofuka. Mtu anakunywa jioni, asubuhi anauliza mbona stima (umeme) zimepotea, kumbe ni macho. Huyo anayepika pombe nyumbani asipomwaga ile ya kwanza kutoka, anaua mtaa.

#34 Mwalimu wa Maabara
Pole kwa msiba huo wa wakati ule. Ila niongeze: gongo ya sukari au nafaka kwa kawaida haitoi methanoli ya kuua watu wengi kwa mpigo. Vifo vya namna hiyo chanzo chake mara nyingi ni mtu kuchanganya methanoli ya viwandani ili kinywaji kiwe kikali na faida iongezeke. Kumwaga ya kwanza hakuokoi mtu kama sumu imeongezwa mwisho.

#35 Wa Kangemi
Sawa mwalimu, hapo nimeelewa. Lakini nyanya yangu alimwaga ya kwanza maisha yake yote na hakuna mteja wake aliyepofuka. Mimi naheshimu hiyo.

#36 Welda Tabata
Tusipotee, turudi Goba. Nesi, hospitali si wangepima damu wakajua kama ni mkaa?

#37 Nesi wa Zamu
Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha, lakini si kila hospitali inacho. Kile kidude cha kubana kidole cha kupima oksijeni kinadanganya kabisa hapa, kwa sababu hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi. Kitaandika 98 na mgonjwa anaumia. Na ukishampa mgonjwa oksijeni saa kadhaa, ushahidi unapungua. Kwa hiyo kama hawakupima usiku ule, sasa hivi hakuna atakayejua.

#38 Mzee wa Goba
Kwenye karatasi waliandika tu amevuta gesi.

#39 Kemia ya Mtaani
Mimi bado nasimama na klorini kwa mama. Kikohozi cha siku tatu si cha mkaa.

#40 Welda Tabata
Kwa mama nakubali nusu. Kwa watoto nakataa. Mkaa uliwachosha wote kwanza, ndipo mama akiwa na kichwa kizito akamimina jiki kabla ya sodaashi. Mwenye akili zake angekumbuka.

#41 Dada wa Sabuni
#40 umesema jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Inawezekana kabisa. Ila nawe usiisahau sufuria, yule mama kasema koo lilianza kuwasha wakati inachemka?

#42 Mzee wa Goba
Hakumbuki, dada. Nimemuuliza mara mbili.

Lingine: vile vitu bado vipo chumbani. Ndoo ya bluu imefunikwa na sahani. Nimwambie amwage chooni?

#43 Mwalimu wa Maabara
HAPANA. Choo cha shimo kina amonia kutoka kwenye mkojo, na jiki ikikutana na amonia inatoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Usimwage, usichanganye chochote na chochote, hata kwa nia ya kupooza. Ndoo itolewe nje penye hewa, mbali na watoto, mtu asiinamie juu yake. Fomalini ifunikwe vizuri. Kila chupa iandikwe jina kwa kalamu nzito, hasa zile za maji ya kunywa zilizotiwa kemikali, maana mtoto anajua chupa, hajui kilichomo. Halafu ulizeni ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, wao ndio wanaosimamia kemikali za viwandani na majumbani kwa sheria ya mwaka 2003. Kuuliza si kosa.

#44 Mpemba Halisi
Na namba ya Zimamoto ni 114, watu wengi hawaijui.

#45 Mzee wa Goba
Asanteni nyote. Ndoo nimeitoa sasa hivi, iko nyuma ya nyumba. Tatizo langu moja limebaki: mama anasema Jumatatu anaanza tena, ana oda ya duka na ada ya shule inadaiwa. Siwezi kumkataza, sina cha kumpa badala yake.

#46 Dada wa Sabuni
Usimkataze. Uko Goba ipi, Njia Nne au kule ndani? Jumamosi nina nafasi, nitakuja na ndoo zangu na miwani ya ziada nimwelekeze, sihitaji malipo. Mwambie sufuria ile asiipikie ugali tena.

#47 Mzee wa Goba
Njia Nne, dada. Nakuja PM.